Breki za pikapu: Kazi ya nusu siku inayookoa msimu mzima

Msimu wa soko la tumbaku unapoanza wilayani Urambo, kila chenye gurudumu hupata kazi. Pikapu, Canter, matrekta yenye tela, maguta na pikipiki hutoka Uyumbu, Songambele, Vumilia na Usoke zikipeleka marobota kwenye maghala ya vyama vya msingi. Zikirudi hubeba mbolea, mahindi, bati, sabuni za dukani na abiria wasiokosekana.

Mwenye gari lililokaa chini ya mwembe tangu mvua zianze hulikagua kwa haraka. Hutazama maji ya rejeta, hupima oili ya injini, hujaza upepo kwenye matairi, kisha hutia ufunguo na kuondoka. Breki hazikumbukwi hadi siku kundi la ng'ombe linapokatiza barabara na mguu ukazama hadi sakafuni bila gari kusimama.

Siku hiyo hasara haiishii kwenye bampa. Yumo utingo aliyekaa juu ya marobota, yumo mama aliyeomba lifti kwenda hospitali, na umo mzigo ambao ni malipo ya kazi ya mwaka mzima, tena mara nyingi mzigo unaodaiwa mkopo wa pembejeo. Sehemu kubwa ya hatari hiyo inaweza kuzuiwa na mwenye gari mwenyewe, nyumbani kwake, kwa spana chache na nusu siku ya kazi.

Lami imekuja, breki ni zilezile

Kwa miaka mingi safari ya Tabora hadi Urambo, yapata kilomita 90, ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Gari lilikwenda taratibu kwa sababu barabara haikuruhusu mwendo. Sasa barabara kuu ni ya lami na mwendo umeongezeka, lakini magari yanayopita humo mengi ni yaleyale ya zamani.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Uzito nao unaongeza kazi. Pikapu yenye uzito wa tani moja na nusu ikipakiwa tani moja juu, halafu ikaendeshwa kilomita 80 kwa saa, breki zake zitakuwa na kazi zaidi ya mara sita ya ile ya pikapu hiyohiyo ikiwa tupu kwa kilomita 40.

Kwa lugha ya barabarani, gari lenye breki nzima kwenye lami kavu likiwa kilomita 40 kwa saa huhitaji takriban mita 20 kusimama, ikiwa ni pamoja na ile sekunde moja dereva anayotumia kutambua hatari na kukanyaga. Kwa kilomita 80 huhitaji karibu mita 60. Hiyo ni kwa breki nzima. Kwa breki zilizoisha, au lami iliyoloa, mita hizo huongezeka.

Nguvu hiyo yote hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana gurudumu huwaka baada ya kufunga breki mara nyingi, na ndiyo maana breki zilizovumilia vumbi la Uyumbu kwa miaka mitano zinaweza kushindwa siku moja tu ya mbio kwenye lami.

Urambo ilishalipa ada ya funzo hili

Wakazi wa Urambo hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mitambo iliyokosa matunzo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa mitumba iliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vipuri vilikuwa adimu, mafundi walikuwa wachache, na madereva walifundishwa kwa haraka. Matrekta mengi yalisimama hata kabla ya kumaliza msimu wa kwanza.

Zilikuwapo sababu nyingine pia, kama vile mvua haba, udongo mgumu wa Kongwa na mipango iliyofanywa bila kuijua nchi. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na Urambo ikageukia tumbaku. Lakini funzo kuhusu mitambo lilibaki palepale: chombo kinachonunuliwa kwa fedha nyingi na kunyimwa matunzo ya fedha kidogo huwa mzigo badala ya kuwa mtaji.

Breki zinavyofanya kazi

Dereva anapokanyaga pedali, masta silinda husukuma oili ya breki kupitia paipu na mipira hadi kwenye kila gurudumu. Kwa pikapu nyingi, magurudumu ya mbele yana diski ya chuma inayobanwa na pedi mbili. Ya nyuma yana ngoma, ambayo mafundi wengi huiita dramu, na ndani yake mna breki shuu mbili zinazopanuka na kuisugua.

Oili haibonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika kwenye gurudumu. Upepo hubonyea. Ukiingia upepo ndani ya paipu, mguu utabonyeza upepo badala ya kubana pedi. Kwa hiyo mambo ya kuangalia ni matatu: vinavyosuguana, yaani pedi na shuu, oili inayosukuma, na njia ambamo oili hiyo inapita.

Dalili za kutopuuza

Gari huwa linasema kabla halijaleta balaa. Mlio mwembamba kama filimbi kila unapokanyaga breki mara nyingi hutoka kwenye kibati kidogo kilichowekwa makusudi kwenye pedi ili kipige kelele zinapokaribia kuisha. Mlio wa chuma kukwaruza chuma maana yake pedi zimekwisha na diski inaliwa.

Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna upepo ndani ya paipu au oili imechoka. Pedali ikishuka polepole wakati mguu umeikandamiza pale pale, kuna mvujo au masta silinda imechoka. Gari likivutwa upande mmoja, gurudumu moja linabana kuliko jingine. Pedali ikitetemeka mguuni, huenda diski imepinda au imeliwa vibaya. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine baada ya safari, na harufu ya kuungua, breki ya upande huo imeng'ang'ania.

Ukaguzi wa dakika kumi kila wiki

Fungua boneti utazame kopo la oili ya breki. Makopo mengi yana alama mbili, ya juu na ya chini, na oili ionekane kati yake. Ikishuka kidogo kidogo kwa miezi, pedi zinaisha. Ikishuka ghafla, kuna mvujo, na gari hilo halipaswi kuondoka.

Kosa la kawaida ni kuongeza oili kila inaposhuka bila kuuliza imekwenda wapi. Anayefanya hivyo huificha dalili. Halafu siku pedi mpya zinapofungwa na oili kurudishwa juu, kopo hufurika, na oili hiyo hubabua rangi ya gari.

Zunguka gari utazame ndani ya kila tairi. Alama ya unyevu ukutani mwa tairi au nyuma ya gurudumu inaweza kuwa oili ya breki. Kagua mipira inayokwenda kwenye magurudumu ya mbele. Ikiwa imepasuka-pasuka kama kisigino cha kiangazi au imevimba, ibadilishwe. Mwisho, washa injini, kanyaga breki na uishikilie kwa nusu dakika. Pedali isishuke.

Kubadili pedi za mbele

Hii ndiyo kazi ambayo mwenye gari anaweza kuimudu, ilimradi afuate utaratibu. Vifaa ni jeki, spana ya magurudumu, seti ya spana, jiriwa ndogo, brashi, kipande cha waya na stendi mbili za kuegemeza gari.

Kwanza ni mahali. Udongo wa Urambo una mchanga mwingi, na jeki huzama au kuteleza. Weka gari sehemu tambarare, chini ya jeki lazwe ubao mpana na mnene, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au magogo. Legeza nati za gurudumu kabla ya kulinyanyua. Likishanyanyuliwa, liegemezwe kwenye stendi au gogo nene la mti mgumu lililokatwa vizuri. Matofali yasitumike, kwa sababu hupasuka bila taarifa. Mtu asiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Toa tairi, kisha fungua bolti za kalipa, yaani kile chuma kinachozishika pedi. Kalipa ikitoka isiachwe ikining'inia kwenye mpira wake. Ifungwe kwa waya kwenye springi. Pedi mpya za magari mengi zina unene wa milimita 10 hadi 12. Zikibaki milimita 3, ni wakati wa kuzibadilisha. Zibadilishwe za magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, hata kama upande mmoja unaonekana una nafuu, la sivyo gari litavuta upande.

Safisha vumbi kwa brashi na maji. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu baadhi ya pedi na shuu, hasa za zamani, zina asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu na linaweza kuleta saratani. Petroli na dizeli navyo visitumike hapo, kwani huharibu raba za breki.

Kabla ya kufunga pedi mpya, legeza kifuniko cha kopo la oili, kisha rudisha pistoni ndani ya kalipa taratibu kwa jiriwa huku mtu mwingine akitazama kopo lisifurike. Paka grisi maalumu ya breki kwenye pini ambazo kalipa hutelezea. Grisi wala mikono yenye oili visiguse uso wa pedi au diski.

Funga kila kitu, rudisha tairi, na nati zikazwe kwa kuvuka, moja juu na ya pili upande wa pili, gari likiwa limeshashushwa. Kisha linafuata jambo ambalo wengi husahau: kabla ya kuwasha gari, pampu pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni zimerudi nyuma, hivyo mguu wa kwanza hautakuta breki. Wapo waliogonga ukuta wa nyumba yao wenyewe kwa sababu hii.

Jaribu kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea, uani. Siku za mwanzo, breki mpya zifungwe taratibu ili zikae sawa na diski, na gari lisipakiwe mzigo mzito siku hiyo hiyo.

Ngoma za nyuma

Breki shuu hudumu kuliko pedi, lakini hujaa vumbi na mchanga, na mwenye gari hazioni. Ngoma ifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Achia breki ya mkono kwanza, zuia magurudumu ya mbele, kisha vuta ngoma. Ikigoma, magari mengi ya Toyota yana matundu mawili madogo kwenye ngoma. Ukikaza bolti humo, ngoma husukumwa nje.

Ndani tazama unene wa shuu. Zikibaki chini ya milimita 2, au misumari yake ikikaribia kugusa ngoma, zibadilishwe. Funua pia raba za silinda ya gurudumu uone kama kuna unyevu. Shuu iliyolowa oili haisafishiki, hutupwa.

Anayebadilisha shuu kwa mara ya kwanza afungue upande mmoja tu kwa wakati, ili upande wa pili uwe mfano wa jinsi springi zinavyokaa. Visukurubu vya kurekebishia vya kulia na kushoto havifanani, hivyo visichanganywe. Asiyejiamini na springi hizi amwite fundi, naye ajifunze kwa kutazama.

Oili ya breki huzeeka

Oili ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa. Oili mpya ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi joto 205, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na inaweza kushuka hadi 155. Oili ikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama upepo. Breki hupotea wakati mzigo ni mzito na mwendo ni mkubwa, yaani wakati zinapohitajika zaidi. Aidha, maji hayo huleta kutu ndani ya silinda.

Kwa sababu hiyo oili ibadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Itumike iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, isichanganywe na hizo nyingine. Oili ya injini au ya haidroliki isiwekwe kabisa, kwani huvimbisha raba zote na mfumo mzima huharibika. Chupa iliyofunguliwa ikakaa miezi stoo isitumike tena.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine anafungua nipo ya gurudumu iliyounganishwa na mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa yenye oili kidogo, kisha anaifunga kabla ya mguu kuachiwa. Huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari mengi ya usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Hurudiwa hadi mapovu yaishe, huku kopo likijazwa lisikauke. Magari yenye ABS mara nyingine huhitaji kifaa maalumu, na hayo yapelekwe gereji.

Oili iliyotoka ni sumu. Isimwagwe karibu na kisima, na isihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa ambayo mtoto anaweza kuifikia.

Springi za kuongeza zina gharama iliyojificha

Wenye pikapu wengi huongeza majani ya springi nyuma ili zibebe zaidi. Baadhi ya pikapu, zikiwamo Hilux nyingi, zina vali ndogo juu ya ekseli ya nyuma inayopima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Bodi ikishuka, vali hupeleka nguvu zaidi ya breki nyuma.

Springi zikiongezwa, bodi haishuki. Vali hudhani gari ni tupu na breki za nyuma hufanya kazi kidogo, ilhali mgongoni kuna tani nzima. Anayeongeza springi hana budi kumwambia fundi airekebishe vali hiyo.

Trekta na pikipiki

Matrekta mengi yana pedali mbili za breki, ya kulia na ya kushoto, zinazotenganishwa shambani ili kukata kona. Barabarani zifungwe pamoja kwa komeo lake. Dereva akikanyaga moja tu kwa mwendo mkubwa, trekta hupinduka. Tela nyingi hazina breki zake, hivyo trekta lenye tela liende taratibu.

Kwa pikipiki yenye breki ya ngoma, pedali ya nyuma icheze kiasi cha milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika. Ikizidi, kaza nati iliyo mwishoni mwa fito ya breki. Mshale ulio kwenye mkono wa breki ukivuka alama iliyochongwa kwenye ngoma, shuu zimekwisha na kukaza hakutasaidia.

Hesabu ya mfukoni

Bei hutofautiana, kwa hiyo kila mmoja aweke zake. Tuseme pedi ni shilingi 40,000 na oili ni shilingi 10,000. Anayebadilisha kwa wakati, kwa mikono yake, atatumia shilingi 50,000.

Anayesubiri chuma kikwaruze chuma atanunua pedi kwa shilingi 40,000, diski mbili tuseme kwa shilingi 160,000, na atamlipa fundi shilingi 30,000. Gari likikaa siku tatu katikati ya msimu, naye akakodi jingine kwa shilingi 60,000 kwa siku, ataongeza shilingi 180,000. Jumla ni shilingi 410,000, zaidi ya mara nane. Hapo hakuna ajali, faini wala hospitali.

Njia rahisi ni kuhesabu breki kama gharama ya kila safari. Gari linalofanya safari 100 kwa mwaka linahitaji kutengewa shilingi 500 tu kwa safari ili kufikia shilingi 50,000 hizo. Anayetoza nauli ya mzigo bila kuingiza fedha hiyo anadhani anapata faida, kumbe anakula gari lake.

Rahisi nayo isipimwe kwa bei ya dukani pekee. Pedi bandia zipo sokoni na huisha au kuvunjika mapema. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti, linganisha na pedi ya zamani, na kataa boksi lisilo na jina la mtengenezaji. Mwenye ushahidi wa bidhaa bandia anaweza kuupeleka Tume ya Ushindani.

Yapo ya kumwachia fundi: masta silinda, paipu zilizooza, diski zilizopinda, ABS na breki za upepo za malori makubwa. Mafundi waliosomea kazi hii wapo, wakiwamo waliopitia vyuo vya VETA.

Ratiba ifuate kalenda ya shamba

Ukaguzi mkubwa ufanyike mara mbili. Wa kwanza ni Machi au Aprili, kabla ya soko la tumbaku, wakati gari limetoka kwenye tope na kutu. Wa pili ni Septemba, baada ya soko, kuondoa vumbi na mchanga kabla ya mvua za Novemba. Tarehe, kilomita na kilichobadilishwa viandikwe kwenye daftari, kama mzani wa marobota unavyoandikwa.

Mkulima wa Urambo hawezi kulala bila kukagua bani lake wakati tumbaku inakauka, kwa sababu anajua moto wa usiku mmoja unaweza kuteketeza mwaka mzima. Tumbaku hiyohiyo ikishafungwa marobota na kupakiwa, inalindwa na vipande vichache vya pedi vyenye unene wa milimita chache. Navyo vinastahili kukaguliwa kabla ufunguo haujazungushwa.